Dondoo la riwaya isiyokuwapo: ukate kipande kipi?

Kuna hadithi fupi zinazojitambulisha kama kipande cha kitabu kikubwa. Juu pameandikwa "Sura ya Kumi na Saba", wahusika wanagombana juu ya mambo ambayo msomaji hakuyashuhudia, na ukifika mwisho hakuna sura ya kumi na nane popote duniani. Riwaya haipo. Haikuandikwa, na mwandishi hana nia ya kuiandika. Kilichopo ni hadithi fupi kamili iliyojifanya dondoo.

Mchezo huu una wazee wake. Jorge Luis Borges wa Argentina aliandika mwaka 1941 kwamba kujaza kurasa mia tano kwa wazo linaloelezeka kwa dakika chache ni kujichosha bure. Afadhali ujifanye kitabu kimeshaandikwa, kisha utoe muhtasari au maelezo yake. Stanisław Lem wa Poland alitoa mwaka 1971 kitabu kizima cha mapitio ya vitabu visivyokuwapo, na mwaka 1979 Italo Calvino wa Italia akachapisha riwaya yenye mianzo kumi ya riwaya nyingine, kila mmoja ukikatika pale unapokolea. Msomaji wa Kiswahili lakini hakuhitaji kufundishwa na hao. Amekulia kwenye vipande: hadithi za mfululizo magazetini, "Sehemu ya 14" iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila ya 13, dondoo la mistari miwili katika mtihani wa fasihi. Kuingia hadithini katikati hakumtishi.

Ulinganisho huu ni wa mwandishi ambaye wazo analo, ameshaamua kuliandika kwa namna hii, ila hajui akate kipande kipi. Maumbo yanayotumika zaidi ni manne: sura ya kwanza, sura ya katikati, toleo la mfululizo wa gazetini, na dondoo lililozungukwa na maneno ya mtu mwingine, awe mtahini, mhariri au mhakiki. Sura ya mwisho nayo ipo, itaguswa kwa kifupi.

Vigezo

Kinachotangulia vyote ni mgawanyo wa maswali. Kila hadithi ya aina hii hubeba maswali mawili. Kuna swali la hadithi, ambalo lazima lijibiwe kabla ya nukta ya mwisho, na kuna swali la riwaya, ambalo halijibiwi kamwe. Ukijibu yote mawili, umeandika hadithi fupi ya kawaida na namba ya sura juu yake ni pambo tu. Usipojibu hata moja, msomaji atauliza sehemu iliyobaki iko wapi, na atakuwa na haki.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie kote. Hadija ni mjane anayeishi Muheza. Anakwenda Pangani kwa Athumani, kaka wa marehemu mumewe, kudai cherehani ya miguu iliyoachwa na mumewe ambaye alikuwa fundi nguo. Riwaya ya kubuni tuiite Hati ya Nyumba. Swali la hadithi: je, Hadija ataondoka na cherehani? Swali la riwaya: nani aliyeuza nyumba ya familia, na hati ilitoka kwenye sanduku la nani? Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, yaandike maswali yako mawili kwenye karatasi namna hii. Ukishindwa kuyatenganisha, wazo lako bado halijaiva kwa umbo lolote kati ya haya.

Vigezo vingine ni mzigo wa habari za nyuma anaobebeshwa msomaji, namna ya kufunga, alama za kitabu na urefu, makosa yanayojirudia, na aina ya mwandishi anayefaa.

Sura ya kwanza

Mzigo wa msomaji. Ni mwepesi kuliko wote. Sura ya kwanza ya riwaya yoyote hulazimika kueleza nani ni nani, kwa hiyo una ruhusa ya kueleza bila kutafuta hila. Katika mfano wetu, simu inaingia Muheza usiku: nyumba ya Pangani imeuzwa, vitu vinatolewa nje, na cherehani imeonekana barazani kwa Athumani.

Mwisho. Hapa ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mwanzo wowote huahidi. Njia inayofanya kazi ni kufanya uamuzi wa mhusika uwe ndiyo jibu. Swali la hadithi linabadilika kidogo: si "je, ataipata cherehani?" bali "je, atakwenda?" Hadija amekaa mwaka mzima akiogopa kuonekana mjane mwenye tamaa ya mali. Usiku huu anapigana na hofu hiyo, alfajiri anafunga mlango na kumpa jirani ufunguo. Jibu limepatikana. Pangani yenyewe hatuioni.

Alama na urefu. Maneno 1,500 hadi 2,000 yanatosha. "Sura ya Kwanza" juu, na ukipenda tabaruku, yaani maneno ya kumtunukia mtu kitabu, ya mstari mmoja. Tabaruku ya kubuni inaweza kufanya kazi kubwa: "Kwa Athumani, ambaye hatasoma" inamwambia msomaji kwamba mwandishi wa riwaya hii ni mtu wa ndani ya familia, na habari hiyo haitarudiwa tena popote.

Panapoharibika. Waandishi huingiza watu wengi kwa kuwa riwaya ni kubwa. Wenye majina wasizidi watatu. Kosa la pili ni kupanda mbegu za riwaya ambazo hapa hazioti: barua ambayo haijafunguliwa, kijana aliyepita dirishani, kovu lisiloelezwa. Kila kitu ulichokiweka kwa ajili ya kitabu kisichokuwapo lazima kiwe na kazi ndani ya kurasa hizi pia. Barua isiyofunguliwa inaruhusiwa iwapo kutoifungua kwenyewe ni tendo la usiku huo.

Inamfaa mwandishi anayeanza, mwenye sauti nzuri ya msimulizi, na anayeandikia wasomaji wasiopenda mafumbo. Haimfai anayetaka msomaji ahisi uzito wa miaka iliyopita. Sura ya kwanza haina miaka nyuma yake.

Sura ya katikati

Hili ndilo umbo lenye faida nyingi na mitego mingi, na litachukua nafasi kubwa hapa kuliko mengine.

Mzigo wa msomaji. Anaingia nyumbani kwa watu wakati ugomvi umeshaanza. Raha yake ni kubahatisha, na kazi yako ni kumpa vya kubahatishia bila kumfundisha. Kiswahili kina vifaa viwili vya kazi hii ambavyo waandishi wengi hawavitumii kwa makusudi.

Cha kwanza ni -ka-. Kitenzi chenye -ka- huhitaji kitenzi kilichotangulia. Sura ikianza na "Akamwonyesha kigoda, naye akakikataa", msomaji anajua bila kuambiwa kwamba kuna jambo limetokea ukurasa wa nyuma. Sentensi moja ya namna hiyo, mwanzoni kabisa, inatosha. Ya pili shika -li- uweke mahali na wakati.

Cha pili ni viashiria vya mbali na vya rejeleo. "Safari ya Korogwe" ni habari mpya. "Ile safari ya Korogwe" ni habari ambayo mimi na wewe tunaijua. Unapoandika "tangu ile safari ya Korogwe Athumani hakumtazama tena usoni", umeandika sura nzima ya riwaya kwa maneno tisa. Ila usizidishe. Katika hadithi ya maneno 3,000, marejeo ya namna hii yasizidi matatu, na moja kati ya hayo liwe linaweza kukisiwa kabla ya mwisho. Yakifika saba, msomaji anaacha kukisia na kuanza kukasirika.

Mazungumzo ndiyo mahali pa hatari zaidi. Tazama sentensi hii:

"Kama unavyojua, shemeji, marehemu kaka yako alinunua cherehani hii kabla hatujaoana, na tangu afariki mwaka jana imekaa hapa kwako."

Hakuna mjane anayemwambia shemeji yake kitu ambacho wote wawili wanakijua. Maneno hayo yanasemwa kwa msomaji, na msomaji anasikia. Sasa hii:

"Shemeji, eda nimekaa nikamaliza, na hitima ya mwaka imesomwa. Cherehani bado inashona nguo za wanao."

Habari kuu ni zile zile: mume amekufa, muda umepita, kitu kiko kwa Athumani, na hapa tumejua pia kwamba kinatumika. Tofauti ni kwamba zimekuja kama lawama. Kanuni ya kufuata ni kwamba habari ya nyuma ipite kwenye dai, tuhuma, matusi au bei. Mtu anayedai hutaja tarehe, anayetuhumu hutaja mahali, na anayetoza bei huorodhesha vitu, na wote hao hufanya hivyo bila kuonekana kwamba wanasimulia.

Mwisho. Swali la hadithi lijibiwe kwa "ndiyo, lakini" au "hapana, ila". Jibu safi la ndiyo linafunga mno, na kipande kinapoteza mwonekano wa kipande. Athumani anasema meza na pedali vilinunuliwa kwa fedha yake, kwa hiyo Hadija anafungua mkanda, anachomoa kichwa cha cherehani na kukifunga kwenye kanga. Bobini bado ina uzi mweupe wa kanzu ambayo haikumalizwa. Anapanda bodaboda na chuma mapajani. Ameondoka na nusu, na hadithi imejibiwa. Nyumba iliuzwa na nani? Hatujui, na kichwa cha cherehani kimetufanya tusione vibaya kutojua.

Alama na urefu. Maneno 2,500 hadi 4,000. Pungufu ya hapo msomaji hajapata muda wa kuyazoea majina. Namba ya sura ichaguliwe kwa akili. "Sura ya Tatu" iko karibu mno na mwanzo, msomaji anatazamia kutambulishwa kwa watu. "Sura ya Kumi na Saba" inamnyima haki hiyo. Ukitaka kuweka namba za kurasa kwenye faili la kuchapa, zikokotoe: maneno 3,000 kwa kurasa za maneno 280 ni kama kurasa kumi na moja, sura kumi na sita zilizotangulia ni kurasa 176, basi sura yako inaanza ukurasa wa 177. Mtu aliyeandika ukurasa wa 64 juu ya Sura ya Kumi na Saba amesema kwamba sura za riwaya yake ni za kurasa nne, na msomaji makini ataona. Mtandaoni ziache kabisa.

Panapoharibika. Mbali na mazungumzo ya kufundisha, kosa kubwa ni kuandika sura ambayo kweli ni ya katikati: watu wanasafiri, wanapumzika, wanajiandaa kwa jambo la sura ijayo. Riwaya halisi zina sura za kupumulia na zinazihitaji. Wewe huna kitabu cha kukubeba, kwa hiyo sura yako iwe ile ambayo kitu kinabadilika na hakirudi kilivyokuwa. Kosa lingine ni tanbihi. Mwandishi anaona msomaji atapotea, anaweka maelezo chini ya ukurasa, na hapo ameondoa kitu pekee kilichofanya umbo hili livutie.

Inamfaa mwenye sikio la mazungumzo na anayejua familia zinavyogombana kwa mafumbo. Haimfai mwenye wazo ambalo bila maelezo halieleweki, kama dunia ya kubuni yenye sheria zake. Huyo asome sehemu ya dondoo lenye maelezo hapo chini.

Toleo la mfululizo

Mzigo wa msomaji. Unashughulikiwa na kisanduku cha juu, ambacho kila msomaji wa hadithi za magazeti anakijua:

ILIPOISHIA: Hadija ameshuka Pangani na kumkuta shemeji yake barazani pamoja na mgeni mwenye mkoba. Cherehani haipo mahali pake. SASA ENDELEA...

Huo ni mfano uliofupishwa; kisanduku kamili kiwe na maneno 40 hadi 70, vitenzi vikiwa katika -me- kwa sehemu kubwa, majina matatu yasizidi. Ukikiona kisanduku hiki kama msaada tu kwa msomaji umekipoteza. Kimeandikwa na mtu wa gazeti, si na msimulizi, kwa hiyo kinaweza kukosea, kupendelea, au kulitilia mkazo jambo ambalo hadithi yenyewe inalidharau. Mgeni mwenye mkoba ametajwa hapo juu kama tishio. Ndani ya hadithi ni fundi aliyekuja kutia mafuta cherehani. Nafasi kati ya kisanduku na hadithi ndiyo inayozaa ucheshi, na wakati mwingine huzuni.

Mwisho. Desturi inadai taharuki: mlango unagongwa, simu inaita, "Hadija hakuamini macho yake". ITAENDELEA. Ukifuata desturi bila kufikiri, swali la hadithi linabaki wazi. Funga kwa hatua mbili. Kwanza jibu swali la hadithi, aya moja au mbili kabla ya mwisho, kwa sauti ya chini. Kisha weka chambo cha gazeti, kikubwa na cha kelele, juu ya jambo jingine kabisa. Msomaji anatambua kwamba kilichokuwa muhimu kimeshapita huku gazeti likipiga tarumbeta kwa kingine.

Alama na urefu. Maneno 900 hadi 1,200, kisanduku kikiwa ndani ya hesabu. Aya fupi za mistari mitatu hadi mitano, maana safu ya gazeti ni nyembamba na simu ni nyembamba zaidi. Namba ya sehemu, na kama unataka kuongeza ukweli, radhi ya mhariri: "Sehemu ya 13 haikutoka wiki iliyopita kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Sentensi hiyo peke yake inaweza kuwa kiini cha hadithi, iwapo jambo kubwa lilitokea katika sehemu ya 13 na hakuna anayelitaja. Jina la gazeti liwe la kubuni.

Panapoharibika. Mtandaoni watu watakuamini. Utapokea "naomba muendelezo" na "full bei gani?", kwa kuwa wapo wanaouza hadithi nzima kwa njia ya simu baada ya kuonjesha sehemu za mwanzo. Msomaji anayedhani amewekewa mtego wa biashara hasomi kwa moyo mweupe. Andika "Hadithi kamili" chini ya jina lako. Kosa lingine ni dhihaka iliyozidi: mwandishi anayecheka lugha ya magazeti kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho anachosha kabla ya neno la mia tano. Wanaoandika mifululizo wana ufundi wao, hasa wa kuanza tukio bila kuzunguka. Uchukue ufundi huo, cheka kidogo.

Inamfaa anayeandikia wasomaji wa simu, mwenye ucheshi, na mwenye wazo dogo lenye makali. Haifai kwa hadithi inayotegemea maelezo marefu ya mahali au mawazo ya ndani.

Dondoo lenye maelezo

Hapa riwaya haisomwi, inazungumziwa. Kuna vipande vichache vya "maandishi yenyewe", na sauti nyingine inavizunguka. Sauti tatu zinafaa zaidi: mhariri anayeandika dibaji ya mswada uliookotwa, mhakiki anayepitia kitabu, na mtahini. Ya mtahini ni yetu kuliko zote, na aliyesoma fasihi katika sekondari za Kenya ataitambua papo hapo:

"Hata sindano ina tundu moja, shemeji. Wewe unataka uzi upite wapi?"
(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
(b) Taja na ueleze mbinu moja ya lugha iliyotumika. (alama 2)
(c) Thibitisha kwa hoja sita kwamba Hadija amedhulumiwa na watu wa nyumbani. (alama 12)
(d) Athumani angesemaje kama angepewa sura yake mwenyewe? (alama 2)

Mzigo wa msomaji. Unapungua sana, kwa sababu maelezo ndiyo umbo lenyewe. Unaweza kueleza nchi nzima ya kubuni katika aya moja ya mhakiki bila mtu kulalamika. Kwa bei hiyo unapoteza ukaribu: msomaji hamwoni Hadija akifungua mkanda, anamsikia mtu akisema kwamba aliufungua.

Mwisho. Mwisho ni wa yule anayezungumza, si wa riwaya, na waandishi wengi wanasahau. Mtahini, mhariri au mhakiki lazima awe na jambo lake. Katika swali la (d) hapo juu sauti ya mtahini imeteleza: mtu asiye na upande haulizi hivyo. Maswali yanayofuata yakizidi kumtetea Athumani, tunaanza kushuku anayetunga mtihani ni nani, na hapo swali la hadithi limezaliwa na linaweza kujibiwa. Bila hivyo unabaki na mzaha wa nusu ukurasa.

Alama na urefu. Maneno 1,000 hadi 1,800, na vipande vya riwaya visizidi 300 kwa jumla. Umbo la mtihani lidhibitiwe na hesabu: swali la fasihi la alama 20 lijumlishwe lifike 20, kama hapo juu. Mapitio yatataja kurasa na sura. Dibaji itasema mswada ulipatikana wapi, una daftari ngapi, na kurasa zipi zimeliwa na mchwa. Mchwa wana faida, wanakula pale unapotaka. Usitumie jina la mchapishaji halisi, namba ya utambulisho wa kitabu, wala nembo ya baraza lolote la mitihani.

Panapoharibika. Kosa la kawaida ni kukisifu kitabu kisha kunukuu kipande kisichostahili sifa. Mhakiki akisema lugha ya riwaya "inatetemesha" na nukuu inayofuata ni ya kawaida, hadithi imekufa. Ama uandike kipande chenye nguvu kweli, ama mhakiki azungumzie mpangilio na matukio, asiguse lugha. Kosa lingine ni ukavu: kufikia neno la mia nane bila kitu hata kimoja cha kushikika, kama bobini yenye uzi au mkoba wa fundi.

Inamfaa mwalimu, mwandishi wa habari, au yeyote ambaye wazo lake ni kubwa kuliko subira yake. Mwenye nguvu katika mazungumzo na matukio ya ana kwa ana atajinyima silaha zake bora.

Sura ya mwisho, kwa ufupi

Inavutia kwa sababu kila kitu ndani yake kina uzito, na ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo. Msomaji anaombwa kulia kwa ajili ya watu ambao hajaishi nao. Inafanya kazi pale tu tukio lenyewe linapobeba uzito bila historia: maziko, kugawana vyombo, kufunga duka. Kama hadithi yako haina tukio la namna hiyo, rudi kwenye sura ya katikati.

Jaribio kabla ya kuamua

Andika maneno 500 ya mwanzo katika maumbo mawili yanayokuvuta, mpe mtu ambaye hajasikia habari yoyote ya wazo lako, kisha muulize maswali ya muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani? Akijibu matatu kati ya manne, mzigo uko sawa. Akijibu yote manne haraka, pengine umeeleza kupita kiasi na unaweza kupunguza. Hadithi nzima ikishakamilika, mpe tena. Akiuliza "halafu?", mwulize halafu nini. Akitaja swali la riwaya, umefanikiwa. Akitaja swali la hadithi, mwisho wako haujafunga.

Kwa hali yako

Una tukio moja kali kati ya watu wawili wanaofahamiana sana: sura ya katikati, na uanze baada ya salamu.

Una mhusika ambaye hajaamua, na kuamua ndiko kunakokuvutia: sura ya kwanza. Umbo hili pia linakupa mlango wa kurudi iwapo siku moja utaiandika riwaya kweli, ingawa kama nia hiyo unayo tayari basi unaandika mwanzo wa riwaya, na hapo kanuni ni nyingine.

Unaandikia ukurasa wa mtandaoni, na wasomaji wako wanasoma kwenye daladala au matatu: toleo la mfululizo.

Una dunia nzima kichwani, na ukianza kuisimulia unafika kurasa arobaini bila mtu kufungua kinywa: dondoo lenye maelezo, mhakiki akiwa na kinyongo chake. Mswada uliookotwa unafaa zaidi kwa habari za zamani, mtihani kwa habari za sasa.

Umekwama kati ya mfululizo na mtihani, maana yote mawili yana ucheshi: tazama ucheshi wako unaelekea kwa nani. Ukiwacheka wahusika, mfululizo unawapa nafasi ya kujitetea kwa matendo. Ukimcheka anayewahukumu wahusika, huyo ni mtahini.

Unapeleka kwenye shindano au jarida la hadithi fupi: umbo lolote kati ya haya linaweza kukataliwa kwa kudhaniwa ni kipande cha kazi ndefu, na mashindano mengi hayapokei vipande. Soma masharti kwanza. Yakiruhusu hadithi kamili za umbo lolote, weka sentensi moja kwenye barua ya kuambatanisha, si juu ya hadithi yenyewe: "Hii ni hadithi kamili, riwaya inayotajwa ndani yake haipo."